Nuru hubandika, nuru hubandua: Tafsiri za kemia hazikwami kwa uhaba wa nomino

MWALIMU mmoja wa kemia katika shule ya upili, msomaji wa siku nyingi wa safu hii, aliniletea mswada wa kurasa 14. Ni tafsiri na ufafanuzi wake kuhusu jinsi wanakemia wanavyotumia mwanga kuzipanga nukta za kwantamu, zile chembe ndogo mno za nusukipitishi zinazozipa baadhi ya televisheni za siku hizi rangi zake kali. Aliniomba nimsahihishie Kiswahili tu, kemia nimwachie yeye. Ombi hilo limenishinda. Katika mswada huu, kila Kiswahili kinapoteleza, kemia nayo huanguka; na kemia inapoeleweka, ni kwa sababu lugha imesimama wima. Kwa idhini yake, basi, ninauhakiki hadharani, jina lake nikilihifadhi.

Nitangulize hukumu yangu. Mwalimu huyu ametokwa na jasho kuunda nomino, akavisahau vitenzi. Si yeye peke yake. Ukisoma tafsiri nyingi za kisayansi zinazofanywa hapa nchini, utadhani kazi ya mfasiri ni kutafuta jina la kila kidude, na majina yakishapatikana sayansi itajieleza yenyewe. Haijielezi.

Tuanze na alipofaulu. Kurasa tatu za mwanzo zinaeleza vizuri kwa nini nukta hizi zimevuma. Mwaka 2023, Tuzo ya Nobel ya Kemia walipewa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov kwa kuzigundua na kuzitengeneza. Ekimov alizikuta ndani ya kioo kilichotiwa kloridi ya shaba, kule Muungano wa Kisovieti, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Brus, katika maabara za Bell nchini Marekani, aliziona zikielea ndani ya kiowevu. Bawendi na wenzake wa MIT walipata mwaka 1993 njia ya kuzipika zikatoka na ukubwa unaolingana. Mwalimu ametumia kitenzi hicho hicho, kupika, nami nampongeza, maana ndivyo ilivyo: viambato humiminwa kwa ghafla katika kiowevu chenye moto mkali, fuwele huanza kukua, na mpishi huamua lini aepue.

Kuhusu rangi pia amefanya kazi nzuri. Nukta ya kadimi na seleni yenye upana wa nanomita 2 hivi hutoa nuru ya buluu. Ikikua hadi nanomita 6 hivi hutoa nyekundu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mada ni ile ile, kilichobadilika ni ukubwa. Anasema elektroni imebanwa ndani ya nukta, na kadiri inavyobanwa ndivyo nishati ya nuru inayotoka inavyopanda. Imebanwa! Kijana wa kidato cha pili aliyewahi kupanda matatu saa kumi na moja jioni hahitaji kamusi kuelewa neno hilo. Kitenzi kimoja cha kawaida kimefanya kazi ambayo istilahi tano zisingeifanya.

Ukurasa wa nne ndipo mambo yanapoharibika.

Kioo cha televisheni au simu hakihitaji nukta tu. Kinahitaji nukta nyekundu zikae hapa, za kijani pale, za buluu kando yake, kila kundi katika kijisanduku chake chembamba kuliko unywele, tena mamilioni ya vijisanduku. Nukta zenyewe zimo ndani ya kiowevu mithili ya wino. Utazipangaje? Mwalimu anajibu: kwa kuchora kwa mwanga. Maneno haya ameyarudia mara nyingi, na kila mara yanapotosha.

Anayechora huacha kitu nyuma yake: wino, rangi, makaa. Nuru haiachi wino. Nukta zimekwisha kupakwa kote, tabaka moja jembamba juu ya bamba zima. Nuru hupitishwa kwenye kiolezo chenye matundu, ikaangukia sehemu fulani na kuziruka nyingine. Ilipoangukia, tabia ya nukta hubadilika. Kisha bamba lote huoshwa, na kinachobaki ndicho picha. Huko ni kunakshi hasa. Fundi wa milango ya Lamu haongezi ua juu ya ubao. Huondoa ubao, ua likabaki. Kitenzi kunakshi tunacho, kina karne nyingi, na kinasema kwamba picha hutokana na kile kilichoondolewa. Lau mwalimu angelitumia hicho, msomaji angejiuliza mara moja swali linalotakikana: je, kipi kimeondoka, na kwa nini kingine kimekataa kuondoka?

Mbinu hii ni kongwe kuliko nukta zenyewe. Mfaransa Nicéphore Niépce, katika miaka ya 1820, alipaka aina ya lami juu ya bamba la madini, akaliweka mbele ya mwanga wa jua. Palipopigwa na mwanga lami ikawa ngumu. Palipokuwa na kivuli ikaoshwa kwa mafuta ya mlavenda. Mojawapo ya picha za kwanza kabisa duniani ilipatikana hivyo, kwa binamu wa lami hii tunayoilalamikia ikibanduka barabarani kila mvua inaponyesha. Mabamba ya alumini yanayotumika katika uchapishaji wa ofseti nayo hufunikwa kwa tabaka linalobadilika likiguswa na mwanga. Kwa hiyo msomaji wa gazeti si mgeni katika kemia hii, ni vile tu hajawahi kuambiwa.

Katika karakana za vifaa vya elektroniki, njia iliyozoeleka hufanana na batiki. Mtengenezaji wa batiki hupaka nta mahali ambapo hataki rangi iingie, huchovya kitambaa, kisha huiondoa nta. Mafundi wa silikoni wanayo nta yao, huitwa fotoresisti. Huipaka, huipiga nuru, huosha sehemu moja, hukwangua kwa kemikali pale palipobaki wazi, kisha huiondoa fotoresisti yenyewe. Silikoni ni ngumu, huvumilia mateso hayo. Nukta za kwantamu hazivumilii. Kila kiowevu kikali kinachopita juu yake huivua sehemu ya vazi lake, na kila rangi mpya inataka mzunguko mzima urudiwe.

Ndiyo maana makala iliyotoka mwaka 2017 katika jarida la Science ilizua mjadala mkubwa. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Chicago, kundi la Dmitri Talapin, waliitupa nta. Walizivika nukta vazi ambalo lenyewe huitikia mwanga. Ni kama batiki isiyo na nta, rangi yenyewe ikikataa kutoka pale ilipopigwa na jua. Njia hiyo waliipa jina refu la Kiingereza ambalo herufi zake za kwanza husomeka DOLFIN, kama vile wamemkosea pomboo tahajia. (Wanasayansi nao hupenda kucheza na maneno, tusidhani ni washairi peke yao.)

Mswada wa mwalimu unaitaja makala hiyo, tena kwa heshima. Lakini kwa kuwa njia ya nta na njia isiyo na nta ameziita zote kuchora kwa mwanga, msomaji haoni Chicago walifanya jipya lipi. Anaambiwa ni mafanikio makubwa, naye anaitikia kwa kuwa ameambiwa. Habari yenyewe imepotea.

Sasa nije kwenye kitenzi kilichoniudhi zaidi: kuyeyuka.

Kiswahili hukitumia kwa mambo mawili. Barafu ikitolewa kwenye friji huyeyuka. Sukari ikitiwa kwenye chai huyeyuka. Jikoni hakuna haja ya kutofautisha. Katika kemia ipo. Barafu imebadilishwa na joto ikawa maji. Sukari imetawanyika molekuli moja moja ndani ya chai. Wapo wanaistilahi wanaotumia kumumunyika kwa jambo hilo la pili, neno zuri linalonikumbusha mzee asiye na meno akila embe, na ningependa litumike zaidi.

Lakini hata kumumunyika hakutatuokoa hapa. Mswada unasema kuwa nukta ambazo hazikupigwa na mwanga huyeyuka. Msomaji atadhani mambo mawili, yote ya uongo. Atadhani kuna joto, na hakuna. Atadhani pia kwamba nukta zimeisha kama sukari inavyoisha kijikoni. Hebu afikirie alichokisoma kurasa mbili nyuma: rangi ya nukta hutokana na ukubwa wa fuwele. Fuwele hiyo ikisambaratika hadi atomu moja moja, huna nukta tena wala rangi. Kinachotokea ni tofauti. Fuwele nzima nzima, kila moja na mamia au maelfu ya atomu zake, huinuka kutoka kwenye bamba, zikaelea katika kiowevu na kwenda nacho. Zinasuuzika. Kila mtoto aliyewahi kuachiwa sufuria za jioni anajua kusuuza, na anajua kwamba punje ya wali iliyosuuzika haikuyeyuka.

Kwa nini zielee, na kwa nini nuru izizuie? Hapo ndipo penye roho ya mambo, na ningetaka mwalimu apatumie kurasa tano badala ya aya moja.

Kila nukta huvaa vazi la molekuli ziitwazo ligandi. Vazi la kawaida ni asidi ya oleiki, ambayo kwa jina jingine lolote ni jamaa ya mezani: hupatikana kwa wingi katika mafuta ya zeituni na ya parachichi. Upande mmoja wa molekuli hiyo huishika fuwele. Mkia wake, mnyororo wa kaboni, huchomoza nje. Mikia ndiyo inayozuia nukta zisigandamane, na ndiyo inayozifanya zikubali kuelea katika viowevu vya jamii ya mafuta. Badilisha vazi, umebadilisha tabia. Fuwele iliyomo ndani haijali. Anayeonana na ulimwengu ni vazi.

Katika mojawapo ya mbinu za Chicago, vazi lilikuwa fupi, lenye chaji hasi. Nukta zenye chaji ya aina moja husukumana, na kwa kusukumana hubaki zikielea. Pamoja na vazi hilo ziliwekwa ioni za kando ambazo zikipigwa na urujuanimno huvunjika na kutoa asidi. Asidi hiyo hulishambulia vazi. Nukta zikishavuliwa hazisukumani tena; hushikana zenyewe kwa zenyewe, na kiowevu kilichokuwa kizichukue kikapita bure.

Mpishi wa nazi ana neno la jambo hili. Tui hukatika. Kwa muda mrefu matone ya mafuta yalikuwa yakielea kila moja kivyake, tui likaonekana kitu kimoja cheupe. Ukilichemsha ovyo bila kukoroga, matone yanatafutana, na mchuzi wako umeharibika. Maziwa yakikamuliwa limau nayo hukatika, na hapo mfano unakaribia zaidi. Chembe za protini zilizomo katika maziwa zina chaji hasi, zinasukumana. Asidi ya limau huiondoa chaji hiyo, chembe zikakumbatiana na kuganda. Nuru ya urujuanimno, katika mbinu niliyoieleza, imefanya kazi ya limau, tena limau linaloangukia mahali palipochaguliwa tu. Sisemi mwalimu aandike kwamba nukta ni maziwa. Nasema kwamba kitenzi kukatika kimebeba maelezo mazima ya kikemia ndani yake, nacho kimekaa jikoni kikingoja kuitwa. Najua umeme hukatika pia, na wacheza lingala hukatika. Muktadha upo kwa kazi hiyo.

Nigusie sasa chanya na hasi, ambazo mwalimu amezitafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza. Wataalamu hugawa tabaka zinazoitikia nuru katika aina mbili. Katika aina moja, sehemu iliyopigwa nuru ndiyo huondoka wakati wa kuosha. Katika nyingine, sehemu iliyopigwa ndiyo hubaki, kama lami ya Niépce. Waingereza huita ya kwanza chanya na ya pili hasi, kwa mazoea yaliyotoka katika upigaji picha wa zamani. Mswahili akiyapokea maneno hayo yalivyo, anapata mzigo usio na faida. Mbaya zaidi, ukurasa huo huo una ioni zenye chaji chanya na hasi. Nilipofika aya ya tatu sikujua tena hasi ni ya umeme au ya picha, na nimesoma kwa kurudia.

Kumbe lugha yetu imetuwekea hazina mahali tusipotazama. Tuna kauli ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Fuma, fumua. Bandika, bandua. Irabu moja katikati ya kitenzi imekigeuza kitendo kirudi kilikotoka, bila kiambishi cha kukanusha wala neno la ziada. Kiingereza lazima kiazime chanya na hasi; sisi tunasema nuru hubandua, au nuru hubandika, na mtoto anaelewa. Nampendekezea mwalimu azifute istilahi zote mbili katika mswada mzima, aandike tabaka la kubandulika na tabaka la kubandikika, au, ikiwa ladha hiyo haimpendezi, atumie sentensi kamili. Sentensi kamili haijawahi kuua mtu.

Kuna mbinu nyingine iliyoelezwa mwishoni mwa mswada, kazi ya watafiti wa Korea Kusini iliyochapishwa mwaka 2020. Hawa hawakulivua vazi. Walichanganya na nukta molekuli chache zenye ncha mbili, kila ncha ikiwa na kundi la naitrojeni tatu. (Mwalimu ameliandika azidi. Tafadhali, iwe azaidi! La sivyo tutasoma kwamba kuna mtu anaombwa azidi, na hatujaambiwa azidi nini.) Urujuanimno ukilipiga kundi hilo, naitrojeni mbili hutoroka kama gesi, na ya tatu hubaki ikiwa na njaa kali ya kushika chochote. Kilicho karibu ni mkia wa ligandi, naye hunaswa. Kwa kuwa molekuli ina ncha mbili, huku inanasa mkia wa nukta hii na huku wa nukta jirani. Basi nukta zimefungwa pamoja, lakini mavazi yao wamebaki nayo. Kwa njia hii walipata vijisanduku vya rangi tatu vilivyosongamana zaidi ya 1,400 kwa kila inchi.

Mswada unasema hapo kwamba nukta huunganishwa. Si uongo, ila ni neno lililochoka. Mabehewa huunganishwa, simu huunganishwa, wanasiasa huunganishwa na njaa ya kura. Kiswahili kina daraja za kushikana, nazo zote ni tofauti. Nukta za Chicago zilizopoteza vazi hugandamana: zimesogeleana mwili kwa mwili na kukaa. Nukta za Korea hufungamana: zimebaki mbali kidogo, kila moja na vazi lake, zikifungwa na kamba ya tatu iliyopita baina yao. Kiambishi kile kile, -man-, kinachoonyesha hali ya kukaa mmekutana, kimekaa juu ya mizizi miwili, ganda na funga, na tofauti ya mbinu mbili za kikemia imeonekana wazi. Tofauti hiyo si mapambo. Nukta zilizogandamana hupitisha umeme vizuri zaidi kwa sababu hakuna mikia mirefu katikati. Zilizofungamana hulinda nuru yake vizuri zaidi kwa sababu fuwele haikuvuliwa, ila mikia ile ni ya jamii ya mafuta na umeme haupendi kupita humo. Anayetengeneza kifaa cha kunasa mwanga na anayetengeneza kioo cha kutoa mwanga hawatachagua kitenzi kimoja.

Kuhusu nomino nitasema machache. Mwalimu ameunda mwanga wa zambarau iliyopitiliza ilhali urujuanimno umo katika kamusi. Ameunda kijiwe-safi ilhali fuwele ipo. Wenzetu wa Dar es Salaam walikusanya istilahi za biolojia, fizikia na kemia miongo kadhaa iliyopita, na sisi huku tunaanza upya kila Jumatatu kana kwamba mpaka wa Namanga huzuia maneno. Ligandi ameiita kifungo. Hapana. Nukta haijahukumiwa miaka mitatu pamoja na kazi ngumu. Ligandi ibaki ligandi. Mkopo mmoja safi ni bora kuliko tafsiri tatu za kubahatisha. Mmenyuko, kwa upande wake, ninautetea, ingawa najua Wakenya wengi wataukunjia uso mara ya kwanza.

Pengine msomaji anauliza kwa nini nashupalia jambo hili wakati kemia ya sekondari kwetu inafundishwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini maabara zetu bado hazijaisoma ibara hiyo. Mwalimu mwenyewe alinieleza kilichomsukuma aandike: wanafunzi wake hutaja majina ya michakato yote kwa Kiingereza sanifu, na akiwauliza nini kimeshika nini, wanamtazama tu. Sasa ikiwa tutawaandikia Kiswahili cha majina matupu, tumewahamisha kutoka chumba kimoja cha giza hadi kingine. Mtu aliyepewa jina hustaajabu. Mtu aliyepewa kitenzi huuliza. Mwambie mwanafunzi kwamba nuru huvunja molekuli zilizo juu ya nukta, halafu ukae kimya. Atanyoosha mkono: kwani, mwalimu, nuru hiyo haiidhuru nukta yenyewe?

Inaidhuru. Na hili ndilo pengo kubwa la mswada, ambao kuanzia ukurasa wa tisa umejaa maajabu, mapinduzi na teknolojia ya kesho. Urujuanimno wenye mawimbi ya nanomita 254, uliotumika katika kazi zote mbili nilizozitaja, una nguvu ya kutosha kuvunja miungano ya kikemia, na hauchagui miungano ya ligandi peke yake. Fuwele yenyewe huweza kujeruhiwa usoni, na palipo na jeraha elektroni hunaswa badala ya kutoa nuru. Ni kwa sababu hiyo watafiti wamekuwa wakitafuta molekuli, benzofenoni kwa mfano, zinazokubali kuamshwa na nuru ya upole zaidi, ya nanomita 365. Hawafanyi hivyo kwa kupenda mambo mapya. Wanakimbia madhara ambayo mswada haujayataja.

Wala haujataja kwamba kadimi ni sumu, kwamba Umoja wa Ulaya umeiwekea mipaka mikali katika vifaa vya elektroniki, na kwamba televisheni nyingi zenye nukta hizi sasa hutumia indiamu na fosforasi badala yake. Nukta za indiamu fosfaidi huwa dhaifu zaidi mbele ya hewa na maji, kwa hiyo kila swali kuhusu kuosha, kuvua na kupiga nuru linarudi likiwa gumu zaidi. Mwanafunzi anayeishi katika nchi ambako televisheni mbovu hutupwa jalalani na kuchomwa anastahili kujua kilichomo ndani.

Nimeurudisha mswada ukiwa na wino mwekundu mwingi kuliko alivyotarajia, na tumekuwa tukizungumza kwa simu kuhusu sura mpya ya madhara. Tumekubaliana mengi. Tumebishana juu ya kitenzi kimoja tu. Yeye anataka kuandika kwamba nukta zikipigwa nuru kali hufifia, kama taa ya mafuta inayoishiwa. Mimi naona kuwa kufifia ni kwa tabaka zima linalotazamwa kwa jicho. Nukta moja moja, zikitazamwa kwa hadubini, huonekana zikiwaka na kuzima kwa ghafla, kisha zikawaka tena. Tabaka hufifia kwa sababu ndani yake nukta zilizozima zinaongezeka. Kwa hiyo tabaka hufifia, nukta huzima. Anasema wanafunzi watachanganyikiwa na vitenzi viwili. Nimemwambia avijaribu vyote viwili darasani, muhula huu, aniletee maswali watakayouliza.